Mtoto wa jamii mbili asilazimishwe kuchagua upande

Mleta mada, pole. Unasema kwa baba mwanao anaonekana wa kwa mama, kwa mama anaonekana wa kwa baba, na sasa ameanza kukuuliza yeye ni wa wapi. Unataka kujua umfundishe upande upi kwanza. Mimi na mume wangu tumetoka jamii mbili zisizofanana lugha wala malezi, na watoto wetu sasa ni vijana.

Suala la upande upi kwanza liache kabisa. Wanaomchosha mtoto ni wakubwa wanaotaka achague. Kwetu lilikuja kama utani, mezani: "Unapenda kwetu au kwa kina mama yako?" Binti yangu alikuwa anamtazama baba yake, ananitazama mimi, halafu anatoa jibu la kumfurahisha aliyeuliza. Akienda upande wa pili, anajibu kinyume. Watu wanacheka, na mtoto kashika nguo yangu chini ya meza. Aliyelimaliza ni mume wangu, maana ni ndugu zake: aliwaambia kwa heshima, bila kuzunguka, kwamba swali hilo lisirudiwe. Ningelisema mimi, ningeitwa mkwe mkorofi. Tangu hapo kila mmoja anaongea na watu wake.

Lugha nayo, kila mzazi aongee yake. Si jambo geni. Mwanaisimu Mfaransa Jules Ronjat na mkewe Mjerumani walimlea hivyo mtoto wao Louis, na mwaka 1913 Ronjat akachapisha maelezo ya malezi hayo. Mtoto akichanganya maneno ya lugha mbili usishtuke, ni kawaida kwa wanaokua nazo. Lugha isiyotumika shuleni ndiyo inayopotea, hivyo inahitaji watu: simu za bibi, binamu wa kucheza nao. Mwalimu akikushauri uiache, mkumbushe Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989. Ibara ya 29 inasema elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake, utamaduni wake, lugha na maadili yake, na pia maadili ya nchi anayoishi na ya anakotoka. Vyote kwa pamoja.

Adabu ndiyo iliyotusumbua zaidi. Kwangu mtoto kunyamaza mbele ya mkubwa ni heshima. Kwa mume wangu ni dalili ya kutojiamini. Tulibishana sana, chumbani, watoto wamelala. Mwishowe tukawaambia wazi: kwa babu huyu fanya hivi, kwa yule fanya vile, wote wanastahili. Walizoea haraka kuliko sisi. Kanuni mbili mtoto anazimudu; asichokimudu ni kusikia mama akiwabeza ndugu wa baba, au baba akiwabeza wa mama.

Akikuuliza tena, usimjibu peke yako. Mkae naye wawili, wewe na baba yake, mmwambie yeye ni wa pande zote, mmtajie mababu na mabibi wa huku na huku kwa majina. Na baba yake aongee na ndugu zake mapema, kabla ya mkusanyiko mwingine wa familia.