Maswali Yenu: Majitu Matano ya Mbele

Tangu nisimulie fainali ya futiboli ya Kimarekani, Super Bowl, ya Februari 2025, pale Philadelphia Eagles walipowachapa Kansas City Chiefs 40 kwa 22, simu yangu haijapumzika. Nilitegemea mniulize habari za kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Kumbe wengi mmewaona wale wanene wa mbele. Nimefurahi, maana hata mimi ndio ninaowakeshea.

Kaka, nilikesha hadi alfajiri. Kuna majitu matano yanainama mbele, mpira hayadaki, bao hayafungi. Yanalipwa kwa kazi gani? (Msomaji, Temeke)

Kwa kuzuia, ndugu yangu. Huo ni mstari wa mbele wa timu inayoshambulia. Katikati yuko senta, ubavuni mwake magadi wawili, na mwisho wa mstari, kila upande, mtu mmoja ambaye jina lake la Kimarekani nikiliandika linavyosikika mtanicheka mwezi mzima. Tumwite wa pembeni. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 na ushee. Katika kila jaribio watano hao humpa kwotabeki sekunde mbili tatu za kumtafuta mwenzake na kurusha, au huwasukuma wapinzani kando ili mkimbiaji apate upenyo.

Mmoja wao mpira anaugusa kila mara: senta ndiye anayeupitisha katikati ya miguu yake kumpa kwotabeki. Lakini wote watano sheria haiwaruhusu kudaka pasi ya mbele, labda mmoja ajitambulishe kwa refa kabla ya mchezo kuanza. Ndiyo maana huvaa jezi za namba 50 hadi 79, refa awajue kwa macho.

Mkipata marudio ya mechi ya ugenini, tazameni jambo moja. Mashabiki wanapiga kelele makusudi, sauti ya kwotabeki haifiki popote. Basi gadi mmoja anageuza shingo nyuma, anasubiri kwotabeki anyanyue mguu, kisha anamgonga senta pajani. Senta anahesabu kimoyomoyo, mpira unatoka, na wote watano wanaondoka kwa pamoja bila neno. Akitangulia mmoja hata kwa kupepesa bega, faini ni timu kurudishwa nyuma yadi 5. Akimshika mpinzani jezi, yadi 10, na hapo ndipo mtangazaji anapolitaja jina lake kwa mara ya kwanza usiku ule. Ni kama mafiga: chungu kikiiva anasifiwa mpishi, figa likiteleza ndipo watu wanainama kutazama chini.

Niambie pesa tu. Mengine sina haja nayo. (Kijana, Kahama)

Haya. Mwaka 2024 mgeni kabisa katika NFL, ndiyo ligi yenyewe, hata akiwa wa 53 kati ya 53 kikosini, hakulipwa chini ya dola 795,000 kwa msimu. Hiyo ni karibu shilingi bilioni 2 za Tanzania. Chipukizi wa kikosi cha mazoezi alianzia dola 12,500 kwa wiki, na anaweza kuambiwa afungashe wiki yoyote. Huko juu, mwaka huohuo Penei Sewell wa Detroit Lions alisaini dola milioni 112 kwa miaka minne.

Kwa desturi ghali zaidi alikuwa wa pembeni kushoto, kwa sababu kwotabeki anayetumia mkono wa kulia huupa upande huo kisogo. Novemba 1985 Lawrence Taylor wa New York Giants alimvunja mguu Joe Theismann wa Washington mbele ya kamera, na Theismann hakucheza tena. Tangu hapo hakuna tajiri wa timu asiyejua thamani ya mtu wa kushoto. Lakini Sewell alisaini mkataba ule akiwa anacheza kulia, kwa hiyo desturi hiyo nayo inazeeka.

Sasa sehemu usiyoitaka. Mkataba wa milioni 112 si kwamba zote zimehakikishwa. Timu ikikuacha njiani, sehemu kubwa inaweza kubaki kwenye karatasi. Chama cha wachezaji kwa miaka mingi kimetaja wastani wa maisha ya mchezaji katika ligi kuwa miaka 3 na kidogo. Ligi hubisha hesabu hiyo. Na ili upate haki ya pensheni unahitaji misimu 3. Piga hesabu mwenyewe.

Mdogo wangu ana kilo 120 na anacheza raga Nairobi. Amechelewa? (Msomaji, Ngong)

Hajachelewa, ila njia ni nyembamba. Jordan Mailata alizaliwa Sydney, wazazi wake ni Wasamoa, na alikuwa akicheza raga ya watu 13 katika timu ya vijana. Hakuwahi kucheza hata mechi moja ya futiboli ya Kimarekani. Mwaka 2018, akitokea kwenye mpango wa ligi wa kuwatafuta wachezaji nje ya Marekani, Eagles walimchukua katika drafti akiwa wa 233. (Drafti hii si ile ya visoda kijiweni. Ni siku timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu.)

Misimu miwili ya kwanza hakucheza mechi hata moja ya ligi. Alikuwa anafundishwa na kocha Jeff Stoutland jinsi ya kusimama, kurudi nyuma kwa hatua fupi bila kunyooka, na mahali pa kuweka viganja, yaani ndani ya kifua cha mpinzani. Kwa mtu wa mita 2 na sentimita 3 kujifunza upya kutembea si mchezo. Mwaka 2021 alipewa mkataba wa dola milioni 64, na ile Februari 2025 alikuwa kushoto kwa kwotabeki akichukua ubingwa.

Kwa Kenya, mwambie mdogo wako habari za Daniel Adongo. Alitoka raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, Mkenya wa kwanza kuingia ligi hiyo, ingawa kama mkabaji. Alicheza mechi chache sana. Mnigeria Roy Mbaeteka naye alisajiliwa na New York Giants mwaka 2022, na yeye ni mtu wa mstari huuhuu tunaouzungumzia. Kilo 120 lakini hazitoshi. Wengi wao wako 140.

Wanakula nini hao? (Msomaji, Moshi)

Kila kitu, hata wasipotaka. Joe Thomas wa Cleveland Browns alicheza akiwa na kilo zaidi ya 140, na amesimulia mara nyingi kwamba kula kulikuwa sehemu ya kazi, njaa iwepo isiwepo. Alipostaafu mwaka 2018 alipunguza zaidi ya kilo 20 ndani ya mwaka, hata waliomjua wakamtazama mara mbili.

Ukiniuliza bora wao, mimi namtaja huyu. Kuanzia mechi yake ya kwanza mwaka 2007 hadi alipochanika msuli wa mkono Oktoba 2017, alicheza majaribio 10,363 mfululizo bila kukosa hata moja. Timu yake haikufika mtoano hata mara moja. Makwotabeki waliokuja na kuondoka nyuma yake ni 20 hivi. Yeye yupo tu, kushoto, ameinama.

Mwanangu ana miaka 15, kocha wa shule anamtaka kwenye huo mstari. Tumetoka Bukavu, mchezo wenyewe siujui. Nimesikia unaharibu ubongo. (Mama, Columbus, Ohio)

Mama, shikamoo. Ulichosikia ni kweli. Mike Webster, senta wa Pittsburgh Steelers aliyechukua Super Bowl nne, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 50, akili ikiwa imeshamchanganyikia kwa muda mrefu. Aliyeupasua ubongo wake na kukuta ugonjwa ambao haukuwa umewahi kuthibitishwa kwa mchezaji wa ligi hiyo ni daktari Mnigeria, Bennet Omalu. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walitangaza kuukuta katika bongo 110 kati ya 111 za wachezaji wa ligi waliofariki. Tahadhari: familia nyingi zilitoa bongo hizo kwa sababu tayari ziliona dalili, kwa hiyo si wachezaji wote.

Kwa hawa wa mstari tatizo si lile pigo kubwa la kuzimia. Ni vipigo vidogo vya kichwa kwa kichwa, jaribio baada ya jaribio, mazoezini na kwenye mechi. Kwa hiyo muulize kocha: kwa wiki wanagongana mazoezini siku ngapi? Mtoto akisema kichwa kinamgonga, nani anaamua arudi uwanjani, kocha au mtu wa tiba? Akijibu kwa kusitasita, umeshapata jibu lako.

Akicheza, shule isiachwe. Laurent Duvernay-Tardif alikuwa gadi wa Chiefs na daktari mwenye shahada kwa wakati mmoja. Mwaka 2020 aliacha msimu mzima akaenda kuhudumia wazee Quebec wakati wa korona. John Urschel wa Baltimore Ravens aliacha mpira mwaka 2017, akiwa na miaka 26, akamalizie uzamivu wa hesabu katika chuo cha MIT.

Nikitaka kuwatazama wao, nafanyaje? (Msomaji, Unguja)

Fainali huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo lala kwanza. Mpira ukitoka kwa senta, macho yasiufuate. Yabaki kwa wa pembeni kushoto, kwenye miguu yake, mpaka kipenga.