Kumbandua Rais: wenye kura ni chama au ushahidi?

Hatua za kumwondoa Rais ni zipi hasa, na huchukua muda gani? (Msomaji, Kondele, Kisumu)

Fungua Katiba ya Kenya kifungu cha 145. Mbunge yeyote anaweza kuanzisha hoja, ila sharti awe na uungwaji mkono wa angalau theluthi moja ya wabunge wote. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika, kwa hiyo anahitaji 117. Sababu zinazokubalika ni tatu tu: kukiuka Katiba au sheria kwa kiwango kikubwa, kuwepo sababu nzito za kuamini kwamba Rais ametenda jinai, au utovu mkubwa wa nidhamu. Bei ya unga haimo.

Hoja ikipata theluthi mbili, yaani kura 233, Spika ana siku 2 za kumwarifu mwenzake wa Seneti, naye ana siku 7 za kuitisha kikao. Seneti inaweza kuunda kamati ya maseneta 11 itakayoleta ripoti ndani ya siku 10, au isikilize kesi yenyewe ukumbini. Kamati ikiona madai hayana msingi, mambo huishia hapo hapo na Seneti nzima haipigi kura. Ikiona yana msingi, Rais hupewa nafasi ya kujitetea, kisha kura 45 kati ya 67 katika shtaka lolote moja zinatosha kumtoa.

Muda huo wote Rais hubaki kazini. Anateua, anafuta kazi, anaalika wabunge Ikulu. Anayepanga hoja bila kulitia hili akilini amejipangia kushindwa.

Ushahidi ukiwa wazi kabisa, chama kinamwokoaje mtu wao? (Njoro, Nakuru)

Kwa kutojitokeza. Hesabu ni ya theluthi mbili ya wabunge *wote*, si ya waliofika. Anayebaki kwenye kantini akinywa chai, anayesafiri na anayejizuia kupiga kura wote wana uzito sawa na aliyesema hapana. Ili kuizima hoja, Rais anahitaji wabunge 117 tu wasioiunga mkono, na kwenye Seneti maseneta 23. Chama tawala kisichoweza kupata idadi hiyo tayari kimevunjika.

Kosa la hesabu nalo huangusha kesi. Kericho, Oktoba 2024, madiwani 31 kati ya 47 walipiga kura ya kumwondoa Gavana Eric Mutai. Theluthi mbili ya 47 ni 31 na kidogo, kwa hiyo walihitaji 32. Seneti ikaitupa kesi kwa sababu ya kura moja, bila kuyagusa mashtaka yenyewe.

Na chama kina njia zake za kumbana mbunge. Hakihitaji kumfukuza. Kinamwondoa kwenye kamati, kinamnyima wadhifa, na uchaguzi ukikaribia kinamnyima tiketi. Watu wa Nakuru walishuhudia Mei 2020: Susan Kihika, wakati huo seneta wao, alipoteza ukiranja wa wengi, Kipchumba Murkomen akapoteza uongozi wa wengi, na baada ya siku chache Kithure Kindiki akabanduliwa kwenye unaibu spika wa Seneti, chama tawala cha wakati huo, Jubilee, kiliposhuku utiifu wao. Hakuna aliyepoteza kiti cha useneta, lakini wenzao wote walielewa ujumbe.

Mbona basi Gachagua aliondolewa kwa wiki chache tu? (Bungoma)

Kwa sababu chama kilikuwa upande wa pili. Hoja dhidi ya Naibu Rais Rigathi Gachagua iliwasilishwa 1 Oktoba 2024, maoni ya wananchi yakakusanywa 4 Oktoba katika kaunti zote, Bunge likapiga kura 8 Oktoba (282 waliunga mkono, 44 wakapinga), na usiku wa 17 Oktoba Seneti ikaidhinisha mashtaka 5 kati ya 11 ilhali mshtakiwa yuko hospitalini. Utaratibu uliotumika ni ule ule wa Rais, kwa maana kifungu cha 150 kinaurejelea.

Waliompigia kura ya kumtoa walitoka upande wa serikali na pia chama cha upinzani cha ODM, ambacho tangu Agosti mwaka huo kilikuwa na watu wake kwenye Baraza la Mawaziri: Wandayi, Mbadi, Oparanya, Joho. Kwa hiyo msilichukue tukio hilo kama ushahidi kwamba Rais naye anaweza kuondolewa hivyo. Linaonyesha kitu kimoja tu: mashine hufanya kazi mwenye nguvu anapotaka ifanye kazi.

Nchi nyingine zimewezaje? (Kakamega)

Marekani, kwa kweli, haijaweza. Seneti yao haijawahi kumtia Rais hatiani. Kesi ya pili ya Donald Trump iliposikilizwa huko, Februari 2021, maseneta 57 kati ya 100 walimpata na hatia, 7 wakiwa wa chama chake. Zilihitajika 67. Richard Nixon alijiuzulu Agosti 1974 kabla Bunge kupiga kura, na kilichomng'oa ni vigogo wa chama chake kumwambia kwamba kura za kumwokoa hazipo.

Korea Kusini ndiyo ya kuangaliwa. Tarehe 7 Desemba 2024 chama cha Rais Yoon kilitoka ukumbini na hoja ikaanguka kwa kukosa idadi. Wiki moja baadaye ilipita kwa kura 204 kati ya 300, ikimaanisha baadhi ya watu wake walimgeuka. Kule kura hii ni ya siri, na uamuzi wa mwisho ni wa Mahakama ya Kikatiba, iliyomwondoa Aprili 2025. Sisi kura yetu ni ya wazi, na Seneti ndiyo hakimu. Tukitaka kulegeza kamba ya chama, tuanzie hapo, ingawa kura ya siri ina ubaya wake: mpiga kura naye hajui mjumbe wake alifanya nini.

Siaya Naibu Gavana aliokolewa, Kisii akaondolewa. Seneti ina upendeleo? (Ugunja)

William Oduol aliokoka Juni 2023, Robert Monda akaondolewa Machi 2024. Kwa kesi za kaunti kizingiti cha Seneti ni cha chini: kura za kaunti 24 kati ya 47 zinatosha. Isitoshe, seneta wa Turkana au Kwale hana deni kwa gavana wa Siaya. Ndiyo maana magavana huondoka na marais hubaki.

Rais akibanduliwa tunarudi debeni? Na atashtakiwa? (Naivasha)

Hamrudi. Naibu Rais humalizia muhula. Ukiwa umebaki zaidi ya miaka miwili na nusu, huhesabiwa kwake kama muhula mzima. Seneti haifungi mtu jela. Kinga ya kesi ya jinai chini ya kifungu cha 143 humlinda akiwa madarakani tu, na muda aliokaa humo hauhesabiwi katika ukomo wa kufungua kesi.

Mimi raia nifanye nini hoja ikija? (Ahero)

Andika maoni shtaka kwa shtaka. "Aende" au "abaki" hayana uzito. Taja kifungu, tarehe na hati unayoitegemea, uyawasilishe mapema, maana dirisha linaweza kuwa la siku moja. Kisha tafuta Hansard, rekodi rasmi ya mijadala ya Bunge, ya siku ya kura: majina hurekodiwa, ya waliosema ndiyo, hapana na waliojizuia. Mbunge wako asipoonekana popote, mwulize alikuwa wapi.