"Diciendo" ni "akisema": msaada wa -ki- kwa anayejifunza Kihispania

Kitenzi decir, yaani kusema, utakutana nacho siku za mwanzo kabisa, na kosa lake la kwanza ni kuandika deciendo badala ya diciendo (akisema). Kanuni ni kwamba vitenzi vya -er na -ir huvuliwa mwisho wake na kuvishwa -iendo: comer, comiendo, vivir, viviendo. Ila decir hugeuza pia e ya shina kuwa i, ikawa diciendo. Pedir na servir ni vivyo hivyo: pidiendo, sirviendo.

Tamka silabi tatu, di-cien-do. Mazoea ya Kiswahili yatakuvuta useme nne, di-si-e-ndo, kwa kuwa kwetu kila irabu ina silabi yake. Hapa i na e hutoka pamoja, kama "sye". Hiyo c ni s Amerika ya Kilatini. Sehemu kubwa ya Hispania ni th ya "thamani".

Kazi kubwa ni kujua lini uitumie, na hapo Kiswahili kinakusaidia kuliko Kiingereza. Tunga sentensi kwanza kwa Kiswahili, kisha tazama kiambishi. Ikija -ki- ya tendo linaloandamana na jingine, weka diciendo bila wasiwasi. Alitoka akisema atarudi: salió diciendo que volvería. Kwa miaka amekuwa akisema yaleyale: lleva años diciendo lo mismo. (Ile -ki- ya sharti, "akisema nitakuambia", iachie si ya Kihispania, yaani "kama": si lo dice, te aviso.)

Ikija ku-, usiiguse diciendo. Bila kusema neno ni sin decir nada. Kusema kweli ni vigumu, decir la verdad es difícil. Waliopitia Kiingereza kwanza huanguka hapa, kwa sababu Kiingereza hutumia umbo moja kwa "kusema" na "akisema". Na barua inayosema ni una carta que dice, kwani kirejeshi chetu hutaka que.

Kiambishi -na- ndicho chenye mtego. "Anasema nini?" ya sasa hivi ni ¿qué está diciendo?, lakini "kesho namwambia" ni mañana se lo digo. Estar (kitenzi "kuwa", kinachotoa está) na diciendo havibebi mipango ya kesho.

Kuhusu "ananiambia", una njia mbili sahihi: me está diciendo au está diciéndome. Está me diciendo haipo. Na usisahau alama juu ya e. Kwetu mkazo huhama neno likirefuka, SE-ma ikawa se-ME-ni, ndiyo maana ulimi hutaka kusema dicienDOlo. Mhispania hausogezi. Piga kofi kwenye cien huku ukisema diciendo, diciéndolo, diciéndomelo, mpaka kofi na sauti viangukie silabi ileile mara zote tatu.