Swali la lugha: Babu wa Tanganyika alikuwa raia wa nani?

SWALI: Naandika historia ya ukoo wetu. Marehemu babu alizaliwa Bagamoyo mwaka 1931, zama za Mwingereza. Je, niandike kuwa alikuwa "raia wa Uingereza" au "raia wa koloni"? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Ndugu msomaji, yote mawili hayamfai marehemu. Andika kwamba alikuwa "mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza". Ni maneno marefu, lakini ndiyo yanayolingana na sheria ya wakati ule.

"Raia wa koloni" ndilo jepesi kuliondoa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza iitawale kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, kisha kuanzia mwaka 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Kisheria, basi, haikuwa koloni la Uingereza, ijapokuwa sote twasema "enzi za ukoloni" wala hatukosei, kwa sababu hapo twataja namna watu walivyotawaliwa, si hadhi ya nchi katika mikataba.

"Raia wa Uingereza" lina utata zaidi. Neno raia tulilipata kwa Waarabu, na maana yake ya kale ni mtu aliye chini ya mtawala, kwa hiyo wazee waliposema "raia wa Sultani" kule Zanzibar, iliyokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu mwaka 1890, walisema sawasawa. Msomaji wa leo, hata hivyo, akikutana na neno hilo anafikiria kura na haki ya kuishi katika nchi husika, mambo ambayo babu yako hakupewa na Uingereza. Tena mwaka 1923 Baraza la Shirikisho la Mataifa liliamua kwamba wenyeji wa nchi zilizokabidhiwa kwa namna hii wana hadhi yao mbali na ya watu wa dola inayowatawala. Mfanyabiashara aliyezaliwa Bombay akaja kufungua duka Dar es Salaam alikuwa, kisheria, raia wa Mfalme wa Uingereza. Mwenyeji wa Bagamoyo aliyenunua kanga dukani mwake hakuwa. Ukiwaita wote wawili raia wa Uingereza, umeifuta tofauti ambayo serikali yenyewe iliishikilia.

Hali ilikuwa ya kutatanisha zaidi kwa jirani zetu wa Kenya. Bara ilifanywa koloni mwaka 1920, lakini ukanda wa pwani, Mombasa ikiwamo, ulibaki mali ya Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Waingereza. Hivyo mzaliwa wa Nairobi na mzaliwa wa Mombasa hawakuwa na hadhi moja, na anayeandika habari za ukoo wa huko lazima aulize kwanza mahali pa kuzaliwa.

Wako wanaopendelea "mtu wa himaya ya Uingereza". Neno himaya kwa asili ni ulinzi, na ningelikubali kwa furaha kama vitabu vya shule visingetuzoesha "himaya ya Kirumi", kiasi kwamba wengi watadhani unataja dola kubwa yenye makoloni. "Mlindwa" nalo ni fupi, ila sikioni mwangu humleta kiongozi aliyezungukwa na walinzi. "Mtawaliwa" ni neno la kweli kabisa, lakini linawaenea watu wote waliotawaliwa, wa koloni na wasio wa koloni, na wewe unatafuta hadhi ya mtu mmoja.

Neno raia litamfaa marehemu bila maelezo yoyote kuanzia tarehe 9 Desemba 1961. Siku hiyo aliyezaliwa Tanganyika, ambaye hadi tarehe 8 alikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, alikuwa raia wa Tanganyika moja kwa moja, mradi mzazi wake mmoja naye awe amezaliwa nchini. Kwa hiyo hakikisha pia mahali walipozaliwa wazazi wa babu kabla hujaiandika tarehe hiyo.