Saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi

Mmeuliza wiki hii: katika tamthilia uipendayo, episodi ipi ni bora kuliko zote na ipi ni mbovu kuliko zote? Yangu ni 24, ile ya Kimarekani ya Jack Bauer, mpambana na magaidi, na jibu nilikuwa nalo kabla sijamaliza kusoma swali. Bora ni ya mwisho ya msimu wa kwanza, ya mwaka 2002. Mbovu ni ile ya msimu wa pili ambapo Kim, binti yake Jack, anakutana na puma msituni. Nilidhani barua yangu itaishia hapo.

Sababu ya ile bora anaijua kila aliyekulia kwenye mabanda ya video. Tulikua tukiamini kwamba steringi hafi, na watu wake hawafi. Steringi anaweza kuchelewa, lakini atafika. Jack anamaliza siku nzima bila kulala, binti yake anapona, maadui anawamaliza, halafu anaingia ofisini na kumkuta mkewe Teri ameshapigwa risasi na Nina, mfanyakazi mwenzake aliyemwamini. Ile saa inayohesabu sekunde kwenye kioo mwisho wa kila episodi ikahesabu bila milio yake tuliyoizoea. Sebuleni kwetu hakuna aliyenyanyuka kwenda kuzima deki.

Lakini tangu juzi, kila nikishika kalamu, ninayemwona si Teri. Ni Ryan Chappelle.

Kwa wasioijua: kila episodi ya 24 ni saa moja ya siku, na msimu mzima ni siku moja. Matangazo yakiondolewa, ile saa inabaki dakika arobaini na kitu, kwa hiyo siku nzima ya Jack ilikuwa kama saa kumi na saba za deki. Hesabu hiyo tuliifanya kwa makini sana mwaka 2006, ule mwaka wa mgao mkali, maji yalipopungua bwawa la umeme la Mtera na ratiba ya umeme ikawa ndiyo ratiba ya maisha. Tulikuwa Magomeni. Msimu wa tatu tuliukodi kwenye DVD zile za kubananisha, maandishi ya Kichina yakipita chini, na ikikwama unaitoa, unaifuta kwa kanga kuanzia katikati kwenda nje, unairudisha. Kama umeme ni kuanzia saa mbili usiku hadi sita, unajua una episodi tano, sita ukibahatika.

Mwezi ule mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa amehamia kwetu. Alikuwa mkuu wa idara katika ofisi ambayo sitaitaja. Barua aliyopewa ilisema amestaafishwa kwa manufaa ya umma. Sababu hakutuambia, nasi hatukuuliza. Jioni alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, gazeti mkononi, akidai haangalii.

Chappelle alikuwa bosi wa akina Jack kwenye kile kikosi cha kupambana na ugaidi. Tulimchukia. Kila Jack akitaka kuokoa watu, Chappelle analeta taratibu, anauliza nani ameidhinisha. Sasa kwenye episodi ya kumi na nane gaidi Saunders, mwenye virusi vya kuua maelfu, anampigia Rais Palmer na kudai jambo moja: hadi saa moja asubuhi Chappelle awe ameuawa na maiti yake ipelekwe. Kwa nini Chappelle? Kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anafuatilia akaunti za fedha za Saunders, na alikuwa anakaribia. Rais anakubali. Kazi anapewa Jack.

Hapo mjomba aliweka gazeti chini. "Huyo amefuata hela," alisema. "Ukifuata hela unakutana na wenyewe."

Wenzao wanamsaka Saunders, hawampati. Jack anampeleka Chappelle kwenye uwanja wa reli kwa helikopta, anamuuliza kama kuna mtu anataka kumpigia simu. Hakuna. Mtu mzima, bosi, hana hata mmoja wa kumuaga. Mdogo wangu, aliyekuwa akimzomea tangu msimu wa kwanza, alinyamaza. Zikabaki dakika chache kufika saa moja, na umeme ukakatika. Kwa ratiba ulikuwa haujafika wakati wake.

Tulikaa gizani, hakuna aliyetafuta kibiriti. Mdogo wangu akasema hatakufa, watampata Saunders, Jack hawezi kumuua mtu asiye na kosa. Mama akasema wale ni Wazungu, watabadilisha tu. Mjomba aliuliza polepole, sijui alikuwa anamuuliza nani: "Na huko ofisini kwao, kuna aliyesema hapana?" Hakujibiwa. Alichukua tochi akaenda kulala.

Tuliimalizia kesho yake, yeye akiwa ametoka. Chappelle anaomba bastola ajimalize mwenyewe, anashindwa. Jack anamwomba Mungu amsamehe, anafyatua. Saa ikahesabu kimya, kama kwa Teri.

Kwa hiyo najirekebisha: bora ni hiyo. Ila usiiangalie peke yake bila zile kumi na saba zilizotangulia, maana ukianzia hapo humjui Chappelle na kifo chake hakitakuuma. Pia mwanangu nisingependa aione sasa, kwa sababu ina uwezo wa kumfanya mtu aamini kwamba saa ikiwa inakimbia kila kitu kinaruhusiwa. Mwaka huohuo wa 2006 Jenerali Patrick Finnegan wa chuo cha kijeshi cha West Point aliwafuata waandaaji kuwaomba wapunguze matukio ya mateso, kwani wanafunzi wake walikuwa wanayachukulia kama mfano. Namuunga mkono. Na bado nasema ndiyo bora.

Puma nimemsamehe, hakumdhuru mtu. Kwa upande wa mbovu nawapa 24: Redemption ya 2008, ingawa ile ni filamu, si episodi. Walibuni nchi ya Kiafrika, Sangala, wakaenda kuipigia picha Afrika Kusini, wakajaza watoto wenye bunduki, na jenerali katili wakamwita Juma. Jina la nusu ya wavulana wa darasa letu! Waliompa Chappelle dakika arobaini za utu hawakuona haja ya kumpa mtu wa Sangala hata tano.

Mjomba siku hizi analima Kilosa. Zile dakika za mwisho hajaziona mpaka leo, na hajawahi kuniuliza kama Chappelle alipona.