Ukitaka kufuga utitiri mwindaji, anza na maharage

Wanaoniuliza kuhusu kufuga utitiri mwindaji, yule kijidudu anayekula utitiri waharibifu wa mimea, huanza na mwindaji mwenyewe: atapatikana wapi, akae kwenye chombo gani. Mimi huwauliza kwanza: maharage umepanda lini?

Phytoseiulus persimilis, yule wa rangi ya chungwa anayeachiliwa kwenye waridi za Naivasha, ni mchaguzi wa chakula. Anataka utitiri wafumao utando, hasa Tetranychus urticae mwenye madoa mawili. Ukimpa chavua atakufa njaa. Kwa hiyo mifugo yako ni mitatu: maharage, mla maharage, na mla mla maharage. Kila mmoja na chumba chake.

Asubuhi ingia kwanza kwenye mimea safi, kisha kwa wasumbufu, yaani wale wala maharage, mwisho kwa wawindaji. Ukishatoka huko, usirudi nyuma siku hiyo. Jike mmoja wa mwindaji aliyekwisha kupandwa na dume, aking'ang'ania mkono wa koti lako, anatosha kukufilisi ghala lote la chakula.

Mzunguko wa maisha ya mwindaji ni wa haraka. Kwenye nyuzijoto 25, yai hufika utu uzima kwa siku tano hivi, upesi kuliko windo lake. Yai ni la duara refu, karibu mara mbili ya yai la windo, ambalo ni mviringo kamili. Chini ya lenzi hutachanganya. Hutoka lava mwenye miguu sita asiyekula kitu, kisha nimfu (hatua za ujana kabla ya utu uzima) wa kwanza na wa pili wenye miguu minane, wanaokula. Hatua ya lava haimalizi hata siku, hivyo ukikagua mara moja tu kwa siku utaikosa. Kagua asubuhi na jioni.

Kinachowaua wengi ni hewa kavu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 60, mayai hunyauka bila kuanguliwa, na hita ya chumbani ndiyo mchawi wa kwanza kumshuku.

Kwa uchunguzi, laza jani la maharage kifudifudi juu ya sponji iliyoloa, ndani ya trei ya maji, ulizungushie pamba mbichi. Wahamishe kwa brashi laini ya mchoraji. Na uwalishe vya kutosha: wakikosa windo hutorokea majini wakafa, au wakageukia mayai yao wenyewe, na hapo hesabu zako zote ni za kutupa.