Wa pili usimpigie hesabu za wa kwanza, yalonikuta mimi huku Moshi

Dada uloandika kwamba una wiki 36, wa kwanza ulikaa na uchungu siku nzima na usiku wake, na safari hii unataka ubaki nyumbani mpaka uchungu uchanganye kabisa ndo uende hospitali ili wasikurudishe. Nimeona wengi wamekujibu "vumilia tu nyumbani, upo sahihi". Mimi naomba nikueleze yangu kwa urefu kidogo maana hilo wazo ulilonalo ndo nilikuwa nalo mimi vile vile, na nusura nizalie ndani ya gari kwenye tope.

Binti yangu wa kwanza ana miaka mitano sasa hivi. Uchungu ulinianza Alhamisi jioni, mi sijui chochote, tumbo likikaza kidogo naona ndo tayari, usiku ule ule tukaenda. Wakanipima njia, imefunguka sentimita 2 tu kati ya 10. Nesi mmoja akanisemesha kwa sauti mbele ya wenzangu wote kwamba mnakuja kutujazia wodi na hamna uchungu, nenda nyumbani katembee. Nikarudi nyumbani nalia. Ijumaa asubuhi tukaenda tena, sentimita 3, wakanibakiza maana nilikuwa sina hata nguvu ya kurudi, na nimezaa Jumamosi alfajiri. Sihitaji kukwambia zaidi, umepitia. Ila yale maneno ya yule nesi sikuwahi kuyasahau, miaka yote hiyo nikawa najiambia nikipata mwingine hawanioni pale mpaka niwe natambaa.

Sasa mimba ya pili ikaja. Kuna vitu vilikuwa tofauti na nilikuwa sijaambiwa. Mtoto nilimsikia anacheza mapema sana kuliko wa kwanza, tumbo lilitoka mapema, na ile tumbo kukaza kukaza isiyo na mpangilio ilinianza miezi mingi kabla, kwaiyo nikazoea kuipuuza, na hapo ndo penye hatari maana ukishazoea kupuuza unaweza kupuuza na ule wenyewe. Kitu kingine, wiki ya 38 kliniki wananiambia kichwa bado hakijashuka, mi nikaona basi nina wiki mbili mbele. Nesi wa kliniki (huyu alikuwa mtu mzuri mno, kila swali anakujibu) akanieleza kwamba kwa wa kwanza kichwa mara nyingi kinashuka wiki kadhaa kabla, ila kwa wa pili na kuendelea kinaweza kushuka siku ya uchungu wenyewe, usijipe siku kwa kuangalia hilo. Nilimsikia lakini sikumsikiliza.

Mume wangu anafanya kazi Arusha, anarudi wikendi. Mimi nauza vitenge soko la Mbuyuni, na nyumbani tunakaa Uru, ndani kidogo kutoka barabarani, unashuka unapita kwenye migomba ya watu. Mama mkwe nyumba yake iko hapo hapo kihambani (shamba letu la migomba la ukoo). Mipango ilikuwa ni dereva wa bajaji mmoja ambaye ananibebea mizigo yangu ya sokoni, nikimpigia anakuja. Dereva mmoja tu. Na ilikuwa mwezi wa nne, masika, na wewe kama ni mtu wa huku unajua masika njia zetu za ndani zinakuwaje.

Ilikuwa Jumatano. Mchana kutwa kiuno kinaniuma ila nilikuwa sokoni nikajua ni kukaa kwenye stuli. Jioni nikapika, nikamwogesha binti, saa tatu usiku nikaenda chooni nikaona ute wenye damu. Kwa wa kwanza ute ule niliuona halafu nikakaa zaidi ya siku nzima ndo nikazaa, kwaiyo nikapiga hesabu, nikasema hapa ni kesho usiku, mume wangu nitampigia asubuhi asihangaike na gari za usiku. Nikalala. Saa tano kasoro nikaamka tumbo linakaza, nikatulia, baada ya kama dakika kumi tena, halafu nane, halafu sikumbuki tena ilikuwaje ila ghafla zikawa zinakuja hata pumzi sijaipata. Nikamgongea mama mkwe. Yule mama ana watoto sita. Aliniangalia usoni wala hakuniuliza dakika wala nini, akasema "mwanangu vaa, huyu hasubiri asubuhi".

Nampigia bajaji, anapokea, anasema mama hapo kwenu na hii mvua sipandi, ilibaki kidogo nidondoke jana. Simlaumu, ni kweli haikupitika. Mama mkwe akamtuma shemeji yangu mdogo akamwamshe jirani mwenye pikapu. Jirani akasema gari italala barabarani haiwezi kuingia huku, njooni. Dada, nimeshuka kwenye migomba usiku, mvua, shemeji anamulika na tochi ya simu, mama mkwe kanishika kiuno upande mmoja, kila hatua kumi nasimama nainama nashika mgomba. Begi na beseni kabeba shemeji. Binti wangu tukamwacha amelala kwa wifi. Nilipoinua mguu kupanda gari chupa ikapasuka, maji yote miguuni, na hapo hapo nikasikia kile kitu ambacho kama umeshazaa unakijua, kama unabanwa na haja kubwa na mwili unasukuma wenyewe hata hujauambia.

Sitaki kukutisha ila ile safari ya kwenda mjini ndo sababu naandika haya yote. Haikuwa mbali. Ila nilikuwa nimebana miguu namuomba Mungu, mama mkwe ananiambia "usisukume, puliza, puliza kama unapooza uji", na mi napuliza huku nalia, nawaza mtoto akitoka humu kwenye baridi hili itakuwaje, nikitoka damu nani ataizuia. Kama una damu ndogo au uliwahi kutoka damu nyingi wa kwanza naomba hilo ulifikirie mara mbili mbili. Mimi damu yangu kliniki ilikuwa nzuri, vidonge vya kuongeza damu nilimeza vyote, lakini ile usiku hata hicho sikukikumbuka.

Tulivyofika mapokezi kulikuwa na nesi mdada mdogo tu, akaniuliza swali moja, "mama huyu ni wa ngapi?" Nikasema wa pili. Basi, hakusubiri kadi, hakusubiri kuandika, kiti cha magurudumu mpaka leba. Nikapanda kitanda, akanipima akasema njia imeisha kufunguka, kichwa hiki hapa, haya sasa sukuma. Nimesukuma mara tatu. Saa saba na dakika kumi usiku mtoto wa kiume, kilo 3 na gramu 400, analia kwa nguvu zote. Yaani tangu saa tano kasoro mpaka hapo hata masaa mawili na nusu hayajafika, mimi ambaye wa kwanza nilikaa zaidi ya siku moja na nusu.

Wakamfuta wakaniwekea kifuani hivyo hivyo ngozi kwa ngozi, nikachomwa sindano ya paja ya kufanya kizazi kikaze, kondo likatoka, nilichanika kidogo nikashonwa nyuzi mbili. Wa kwanza niliongezewa njia (nilikatwa kidogo ili mtoto apite) na nilikaa kwa shida wiki mbili, huyu siku ya tatu nilikuwa natembea vizuri.

Kesho yake nikamuuliza yule nesi kwanini imekuwa haraka vile. Akasema wa kwanza mlango wa kizazi unaanza kulainika na kuwa mwembamba, hiyo peke yake inakula masaa mengi, halafu ndo ufunguke. Wa pili hivyo vitu viwili vinaenda pamoja, na misuli ya chini ilishatanuka, kwaiyo ukishafika sentimita 5 au 6, zilizobaki zinaweza kwenda kwa muda mfupi mno. Akasema siyo kila mtu, wapo wa pili wanaokaa muda mrefu, lakini hakuna wa kukuhakikishia wewe utakuwa yupi. Nikamuuliza na kama angetokea kwenye gari? Akasema gari isimame, mtoto asivutwe, aachwe aje mwenyewe, akitoka afutwe akauke haraka, awekwe kifuani kwa mama wafunikwe wote wawili pamoja na kichwa cha mtoto, kitovu msikate kwa wembe wala msifunge na kamba yoyote, na kondo msilivute, halafu safari iendelee hospitali hivyo hivyo. Mwambie na mtu atakayekuwa na wewe, maana wewe saa hiyo hutakumbuka kitu.

Kwaiyo dada mimi ningekuwa wewe ningeenda mara tu uchungu unapoanza kuwa na mpangilio, nisisubiri ukaze kila dakika tano kama tunavyoambiwa kwa wa kwanza. Ute wenye damu ukitoka mpigie dereva ujue yuko wapi. Chupa ikipasuka unaenda hata kama huna uchungu. Mtoto akipunguza kucheza, kichwa kikiuma sana na macho kuona maruerue, au damu ikitoka kama hedhi, hapo hakuna kuhesabu dakika wala kumsubiri mume. Na kama wa kwanza ulifanyiwa operesheni (hukusema) basi habari nyingine kabisa, fuata ulichopangiwa na daktari na usikae na uchungu nyumbani hata kidogo. Wakikuambia una sentimita 3 rudi nyumbani, waambie kwa adabu lakini waambie, mimi ni wa pili, nakaa mbali, njia yetu mvua ikinyesha haipitiki. Hiyo aibu tunayoiogopa haina uzito wowote, mi nimeipima ile usiku nikaona.

Halafu kuna kitu hakuna aliyeniambia, lile chango la baada ya kuzaa. Wa kwanza sikulisikia sana. Wa pili, mama yangu! Kila nikimweka mtoto kwenye ziwa tumbo linakata mpaka natoa machozi, nikadhani kuna kitu kimebaki ndani. Kumbe mtoto akinyonya ndo kizazi kinajikaza kurudi, na kwa wa pili kinakaza kwa nguvu zaidi kwasababu kilishalegea. Nilipewa Panadol nimeze kabla ya kunyonyesha, na nikaambiwa nisikae na mkojo. Kama siku tatu nne likaisha. Usiache kunyonyesha kwa ajili yake, ila ukiona damu inazidi badala ya kupungua au unapata homa rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Mume wangu alipanda Costa ya kwanza kutoka Arusha, alifika nimeshakunywa chai. Kazini walimpa siku tatu, ndo za kisheria kwa baba, na zote alizitumia kwa binti yetu mkubwa, jambo ambalo namshukuru mpaka leo. Mama mkwe alinihudumia kwa supu zetu za huku, mtori na kisusio, na uji wa ulezi, nikakaa ndani miezi mitatu kamili, vitenge akauza wifi.

Na huyo binti ndo nilikuwa na hofu naye kuliko hata uchungu, sijui kama na wewe unayo hii. Miezi tisa nilikuwa najiuliza nitampendaje mwingine sawa na huyu, nikawa namwangalia amelala naona kama namsaliti. Alivyoletwa hospitali mchana nilimpa mtoto wifi amshike ili mikono yangu iwe mitupu, nikamkumbatia yeye kwanza. Alinishika uso akaniuliza "mama tumbo linauma?" Hakumuuliza mtoto kabisa. Baadaye ndo akasogea akaangalia vidole, akavihesabu vyote, akasema "ana vingi kama mimi". Nililia pale kitandani na ile hofu sijawahi kuiona tena.

Niambie unakaa wapi, mjini au juu mlimani, na usiku gari utaipata kwa nani. Tafuta madereva wawili, siyo mmoja, na mmoja awe na gari inayopita kwenye tope. Begi lifunge wiki hii.